Mbegu za Mama na Vijana wa Samoa

Elfu ishirini na sita. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili haikupungua. Elfu ishirini na nne za magunia manane ya mbegu ya viazi, elfu mbili za lori la kanta la kuyapandisha Mau Narok, shambani kwa mama. Zote zilienda kwa watoto wa shule wa visiwa ambavyo ndugu yangu hawezi kuvionyesha kwenye ramani hata ukimshika kidole.

Muuza mbegu alikuwa ameanza na elfu tatu mia tatu kwa gunia. Nikamwambia, "Boss, nanunua viazi, sinunui gari." Niliondoka, nikaitwa, nikaondoka tena, tukaelewana elfu tatu. Siku ya kulipa nilikuwa nafungua beli ya mitumba sokoni, kwa hivyo nilimtumia ndugu yangu pesa kwa simu akalipe. Mvua ilikuwa imeanza. Mama alikuwa amelimisha, mitaro imechorwa, vibarua wameitwa.

Asubuhi iliyofuata nampigia, hashiki. Nikampata mtaani Free Area, kwa kinyozi, yeye na wenzake wamezunguka simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya spiriti.

"Ni nini hii?"

"Samoa na Vanuatu, sista. Timu za taifa za vijana, mashindano ya huko Pasifiki. Tulia, hii ni ya uhakika."

"Na mbegu?"

"Iko ndani." Akaelekeza kidevu kwenye simu.

Alikuwa amebeti yote kwa Samoa, pamoja na nauli ya kanta. Na hesabu yake ilikuwa ya mtu wa Nakuru kabisa, mji unaopenda raga. Samoa aliijua kwenye raga, wanaume kama milango ambao wametutandika tangu tukiwa wadogo. Vanuatu hakuwahi kuisikia. "Kama hawako kwa raga," akaniambia, "hawako popote." Hakukumbuka kwamba mpira wa leo ni wa miguu.

Watoto wa Vanuatu walikuwa wadogo na wepesi. Walipigiana pasi fupifupi kama watu wanaorudishiana chenji. Bao la pili lilipoingia, kinyozi akazima mashine yake. "Madam," akaniambia, "hawa wa Samoa bado wanangoja mpira uwe yai."

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Bao la tatu lilipoingia ndugu yangu alisema refa amenunuliwa.

Sina neno na Vanuatu. Watoto wale walikimbia kihalali, jezi zimelowa, na walipofunga walikumbatiana mpaka nikaona haya kuwakasirikia. Hasira yangu ni kwa ndugu yangu, halafu kwa yule wa kampuni ya kamari aliyekaa mahali penye kiyoyozi akaona watoto wa miaka kumi na tano wanacheza upande wa pili wa dunia, akasema: hii nayo iuzwe Nakuru, watu wakinywa chai. Mimi nauza mitumba. Najua kuuza kitu kilichovaliwa na mtu mwingine. Lakini hata mimi ukinilipa unaondoka na shati.

Simu yangu ikalia. Mama.

"Kanta imefika wapi? Vibarua wamemaliza chai."

Nilimtazama ndugu yangu. Akatikisa kichwa, ananiomba nidanganye. Nikamwambia mama ukweli wote, kwa sauti, kinyozi akisikia.

Mama akauliza, "Hao watoto wa Samoa, wametukosea nini?"

"Hakuna, mama."

"Basi mbona wamepewa shamba langu?"

Aliwalipa vibarua nusu siku, akawaacha waende. Nilichukua pesa za beli iliyofuata nikanunua magunia manne. Muuza mbegu alikuwa amerudi kwa elfu tatu mia tatu, na safari hii sikuwa na nguvu ya kuondoka. Nusu ya shamba imepandwa. Nusu nyingine mama anaitazama kila asubuhi ikiota magugu.

Jana ndugu yangu alinitumia ujumbe. Eti fainali inakuja, Fiji wapo, niongeze kidogo tu tukomboe zote.

Sasa nakujibu hapa, ndugu yangu, mbele ya watu. Fiji waache wacheze mpira wao. Mvua imebakisha wiki mbili, labda tatu. Nenda kabebe mawe, nenda kaoshe magari, uza hiyo simu. Nirudishie pesa za mama. Huna zote, najua. Anza na gunia moja, wiki hii.