Siku Mkwe Wangu Aliponiandalia Meza

Sijui kama jambo hili linastahili kuandikwa. Niliishia darasa la nne, na ninayoyaandika huwa nayasoma mwenyewe tu. Lakini binti yangu, anayeniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kila mara ananiambia, "Mayu, ile ya hotelini iandike, wajukuu wacheke." Basi naiandika, na nitajitahidi nisimwonee mtu, hata yule mwenye hoteli.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Makampuni ya watu binafsi yalikuwa yameanza kununua pamba, na mwaka ule shamba langu la Nkoma lilizaa vizuri. Pamba ilitoka nyeupe, haina takataka, mpaka mnunuzi mmoja kutoka Dar akawa anaibeba kiganjani kuwaonyesha wenzake kama mtu aliyeokota kifaranga. Mjini Bariadi nako maduka yalikuwa yamejaa sabuni za rangi, redio na mitumba. Ndipo akatokea bwana mmoja aliyekaa Uingereza miaka mingi, akifanya kazi kwenye migahawa wanamokula matajiri wa huko. Akafungua hoteli yake jirani na stendi, akasema sasa nasi tutakula kama wanavyokula wao.

Kabla ya kufungua rasmi aliwaalika watu wachache mchana, wale bure, halafu waseme walivyoona. Mnunuzi wa pamba aliambiwa aje na mkulima wake bora. Hivyo ndivyo nilivyoalikwa. Nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikajitanda khanga, na moyoni nikajiuliza, mimi nitakwenda kuwaambia nini watu wa Uingereza kuhusu chakula?

Sasa kuna jambo lazima nilieleze hapa, la sivyo mengine hayataeleweka. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Tukionana njiani, mmoja anakatiza shambani. Hatupeani kitu mkono kwa mkono. Na kula mbele yake, hapana, hilo halipo. Si chuki, ni heshima. Tangu amwoe binti yangu, mkwe wangu nilikuwa namfahamu kwa mgongo kuliko kwa uso.

Nilijua kwamba amepata kazi ya majaribio hotelini. Binti yangu alikuwa ameniambia wako wawili na atabaki mmoja. Asipobaki yeye, atafuatana na binamu zake Geita kuchimba dhahabu. "Na mayu, mashimo ya kule yanaporomoka," alisema, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Hoteli ipi, sikuuliza. Mama mkwe hachunguzi habari za mkwe.

Siku ile hotelini tukaketi meza moja watu watatu: mimi, mnunuzi wa pamba, na mwalimu mmoja mstaafu wa hapo mjini. Mwalimu akanisalimia kwa lugha yetu, "Mwadila mayu," nikamwitikia, roho ikatulia kidogo. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe kuliko shuka za hospitali. Mbele ya kila mtu kulikuwa na visu na uma na vijiko vingi.

Mnunuzi akaninong'oneza, "Mama, vyote hivi vya kwako peke yako. Usije ukadhani unagawia ukoo."

Mwenye hoteli akasimama katikati akatueleza. Mhudumu wake hapigi kelele. Anatokea nyuma yako, upande wa kushoto, anaweka sahani mezani, anaondoka. Hasemi mpaka asemeshwe. Hakutazami ukiwa unakula. Ukimaliza, kisu na uma uvilaze pamoja, ataelewa. Kama bado unaendelea, viache mbalimbali. Kila mhudumu ana meza zake na hakuna kubadilishana, maana leo ndiyo mtihani wao. Akamalizia, "Na mkiondoka nitawauliza nimbakize yupi."

Mimi nilikuwa nimekaa nikitazama mlango wa jikoni. Ukafunguliwa, akatoka kijana mwenye shati jeupe na tai, amebeba vitambaa vidogo vilivyokunjwa. Alikuwa mkwe wangu.

Hakuniona mara moja. Utaratibu ulikuwa mhudumu akikunjue kile kitambaa na kukutandikia mapajani. Akamtandikia mwalimu. Akamtandikia mnunuzi, ambaye alicheka kama anayetekenywa. Kisha akageuka kwangu, kitambaa kimeshakunjuliwa, mikono imenyooka, macho yetu yakakutana.

Nadhani tulipoteza akili wote wawili kwa pamoja. Mimi nilivuta khanga nikajifunika uso mzima. Yeye alikiachia kitambaa kikaanguka sakafuni, akarudi jikoni kinyumenyume, akaligonga kabati la vikombe.

"Mama, jua limekuchoma humu ndani?" mnunuzi akauliza.

"Vumbi," nikasema. Ulikuwa uongo, ila sikuwa na jibu jingine karibu.

Supu ikachelewa. Meza ya pili walishaanza kunywa. Nikamsikia mwenye hoteli kule mlangoni akisema kwa sauti ya chini lakini kali, "Meza yako imekaa kavu. Unaogopa nini? Hapa ndani hakuna mila za kijijini, hapa hesabu uko Uingereza." Na sauti ya mkwe wangu, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa karibu hivyo, ikajibu, "Ndiyo, mzee." Hakusema sababu. Angesemaje? Kunitaja tu kungekuwa utovu wa heshima.

Hapo nikawaza Geita. Nikawaza kuinuka niondoke, lakini mgeni akitoka kabla ya supu, lawama ni za nani? Za mhudumu. Nikibaki nimejifunika, hatasogea. Nikayarudia moyoni maneno ya mwenye hoteli: anatokea nyuma, hasemi, hakutazami ukila, anaweka mezani wala hakupi mkononi. Nikashtuka. Hayo si ni yale yale ya mkwe! Ukikitoa kile kitambaa cha mapajani, wale matajiri wa Uingereza wanahudumiwa kama mama wakwe.

Nikamwambia mwalimu, "Mwalimu, nakuomba tubadilishane viti. Nataka kutazama ukuta."

"Ukuta una nini, mayu?"

"Una picha ya farasi."

Akanitazama, akatazama mlango wa jikoni, akainuka bila kuuliza tena. Yeye ni mtu wa huku, nadhani alishaelewa. Nikakaa, mgongo wangu ukauelekea mlango. Kitambaa nikakiokota, nikajitandikia mwenyewe.

Dakika si nyingi, sahani ya supu ikatua kushoto kwangu. Sikusikia hatua wala pumzi. Nilichoona ni ncha ya mkono wa shati jeupe, nao ukatoweka. Supu ilikuwa ya njegere, nzito, imepoa kidogo. Nikanywa yote. Njaa ilikuwa imeshaanza kunikata.

Kisha ikaja nyama ya ng'ombe iliyookwa. Hapa nataka niwe mwangalifu, maana mimi ni mtu wa nyumba yenye ng'ombe na naweza kuwa na upendeleo. Vilikuwa vipande vyembamba, vitatu, na katikati vina wekundu. Mnunuzi akakiinua kimoja kwa uma.

"Huyu bado anaweza kupona," akasema.

Mwalimu akacheka mpaka akajipaliza. Lakini nilipoonja, ilikuwa laini kuliko nyama yoyote niliyowahi kula, na mchuzi wake mweusi ulikuwa na utamu wa kukaa mdomoni. Viazi navyo vilikuwa vya kukaangwa, vigumu nje, unga ndani. Kwa haki, kosa la chakula kile lilikuwa uchache. Nilipomaliza kipande kimoja nikavilaza kisu na uma pamoja, kwa unadhifu tu, kama ninavyolaza mwiko juu ya chungu. Nikageuza uso kumjibu mwalimu. Niliporudisha macho, sahani haipo.

"Ilikuwa na nyama!" nikasema.

"Umeagiza iondoke, mama," mnunuzi akanieleza, mdomo umejaa. "Pole. Yangu sikugawii."

Hivyo nilipoletewa keki laini yenye kastadi ya moto nilikuwa nimejifunza. Niliila polepole, yote, nikaukwangua na ule uji wa njano. Kisha nikakilaza kijiko upande huu wa sahani na uma upande ule, mbalimbali kabisa. Nikatazama farasi wangu ukutani.

Muda ukapita. Sahani ile tupu ikaondoka, na mahali pake ikatua nyingine, imejaa, na kastadi yake ikifuka moshi.

Ndilo lilikuwa neno la kwanza mimi na mkwe wangu kuambiana.

Wakati wa kuondoka, mwenye hoteli alisimama mlangoni akiuliza kila mtu. Alipofika kwangu nikamwambia, "Mimi usiniulize. Kijana wa meza yetu ni mkwe wangu."

Akakodoa macho. "Mkwe? Ndiyo maana kitambaa..."

"Kitambaa aliangusha, na supu alichelewesha. Hayo ni kweli, wala siyafichi. Ila kunisogelea asingeweza. Mengine waulize hawa, mimi neno langu lina ukwe ndani yake."

Akacheka cheko la mtu aliyeshtukizwa. "Mama, kule Uingereza wafanyakazi hufundishwa mwaka mzima wasimtazame mteja. Huyu ninyi mlishamfundisha." Akamgeukia mnunuzi.

"Wa kwetu," mnunuzi akasema. "Alinichukulia sahani sikujua. Angekuwa mwizi tungekwisha." Mwalimu naye akasema wa kwetu. Wa meza ya pili wakasema wa kwao, na hilo nalo lilikuwa haki yao. Mwenye hoteli akasema atawaza.

Jumapili binti yangu alikuja Nkoma kunipa habari. Alipofika uani tu nilijua, kwa sababu aliniletea kitu kimefungwa ndani ya sufuria ndogo, kwa kitambaa cheupe. Ilikuwa kastadi, imeshaganda.

"Amebaki," akasema. "Anauliza kama mayu hakukasirika."

Bado sijui kama nilifanya sawa siku ile. Mama yangu mzazi nilipomsimulia alisema yeye angebaki na njaa. Labda. Lakini kila nikienda kwa binti yangu mjini, chakula changu huwekwa juu ya stuli kutokea nyuma, upande wa kushoto, kisha nasikia mlango wa uani ukifungwa taratibu. Nakula. Nikitaka kuongezewa, nakilaza kijiko mbali na uma.