Ndiyo Arobaini za Mpakani

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mipango wa Mkoa hakutazama cheti changu. Alitazama viatu. Vilikuwa vya visigino virefu, nimeviazima kwa dada yangu, na nilikuwa nimetembea navyo kutoka Izia hadi ofisini huku upepo wa Sumbawanga ukinisukuma kwa nyuma.

"Binti," alisema, "mpango wa maendeleo unaandikwa kwa miguu. Hivyo vya harusini mrudishie mwenyewe."

Alikuwa mtu wa Mbeya, mkali wa kalamu na mwepesi wa kucheka. Kwake nilijifunza kukata stenseli, ile karatasi ya nta tuliyoichapa kwanza ndipo mashine ikatoa nakala. Nilijifunza pia dodoso, yaani karatasi ya maswali ya kuwauliza wananchi. Baada ya miaka miwili nikapelekwa Namanyere, kwenye mipango ya wilaya, na huko nilivaa raba hata kwenye vikao vya Mkurugenzi. Alizizoea.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Vyama vya ushirika vilikuwa hoi, na wafanyabiashara binafsi walikwisha kuruhusiwa kununua mahindi. Lakini mkulima akitaka kuyauza ng'ambo, Zambia, alihitaji kibali kutoka Dar es Salaam. Hebu fikirini, vijana. Moshi wa majiko ya ng'ambo unauona ukiwa shambani, ila kibali kiko safari ya siku tatu. Watu wakawa wanapita porini alfajiri na magunia kichwani, na aliyekamatwa alinyang'anywa.

Wakati huo serikali zetu mbili, marafiki tangu harakati za ukombozi, zilianzisha ufadhili kwa wataalamu chipukizi wa sera. Walituoanisha wawili wawili, mmoja wa kila nchi: miezi mitatu kule, mitatu huku, kisha tuandike pamoja andiko la sera, yaani kurasa chache za kuwaambia wakubwa tatizo ni nini na lifanyiwe nini. Mwenzangu alikuwa Mutale, kijana wa Kasama asiyejua kunyamaza, Kiswahili chake alikiokota Tunduma. Tulichagua kibali cha mahindi. Makatibu Wakuu wa nchi zote mbili wakilikubali andiko letu, kibali kingetolewa wilayani. Wakilikataa, wanawake wangeendelea kupita porini. Nililitaka andiko lile lipite kuliko kitu chochote, na kumbukeni nilikuwa nimechumbiwa.

Tulianza Kasama, tukamalizia Ufipa. Tulifika kijiji kimoja cha mpakani kwa gari la ofisi, tukakalishwa kwenye viti, tukaletewa togwa. Kwa siku tatu tulijaza madodoso arobaini. Mutale alifurahi mno, akasema hajapata kuona watu wanaojibu kwa utulivu namna ile.

Tulipoyapeleka Sumbawanga, Afisa Mipango wa Mkoa aliyasoma yote, kisha akavua miwani.

"Mliuliza kama wanauzia ushirika?"

"Ndiyo, mzee."

"Wote wamesema ndiyo. Mkauliza kama wanauzia watu binafsi tu. Wote ndiyo. Mkauliza kama kibali kinapatikana bila taabu." Akanisogezea rundo lile. "Wote arobaini, ndiyo. Sasa andiko la nini, kama hakuna shida?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ni Mfipa. Mama yangu mzazi hajawahi kumwambia mgeni hapana; hata akiulizwa kama mvua inanyesha na jua linawaka, atakubali asimwaibishe. Nilikuwa nimekwenda kwa watu wangu na gari, kalamu na mgeni wa nje, halafu nikaziita heshima zao takwimu.

Nje ya ofisi Mutale alikuna kichwa. "Dada, na kule kwetu Kasama, nani alikuambia hapana?"

Nikafikiri. Hakuna hata mmoja. Tulitazamana, tukaanza kucheka mpaka mpiga chapa akatoka kuona kuna nini.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Tulipanda lori hadi njia panda, tukaingia kijijini kwa miguu na majembe mawili, tukamwomba Mama Desderia atupokee shambani. Alikuwa mjane, mmoja wa wale arobaini wa ndiyo. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, na wanawake majirani walikuwa wamekuja kumsaidia kuinua ntumba, yale matuta ya duara ambayo majani hufukiwa ndani yaoze na kuwa mbolea. Ya Mutale yalibomoka moja baada ya jingine.

"Huyu kwao wanakula nini?" aliuliza Mama Desderia, na shamba zima likaangua kicheko.

Hatukuuliza swali hata moja. Siku ya tatu alianza mwenyewe, mgongo umeinama, jembe likienda. "Kibali? Hicho nakisikia kwenu. Mwaka jana walinikuta porini wakachukua mahindi na baiskeli ya mwanangu." Wengine wakafuata. Jioni tuliandika tuliyoyasikia, mikono ikiwa na malengelenge.

Warsha ilifanyika Sumbawanga, Makatibu Wakuu wote wawili wamekaa mbele. Tulisoma andiko, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ndipo yule wa kwetu akamgeukia Mama Desderia, tuliyemleta kama shahidi.

"Mama, umeridhika na pendekezo la hawa vijana?"

Mama Desderia alisimama, akainama, akapiga makofi taratibu kama tusalimiavyo, akawaulizia wote wawili hali za nyumbani. Kisha akasema, "Hapana."

Afisa Mipango wa Mkoa alinitazama, nami nikatazama raba zangu.

"Wilayani ni siku mbili kwenda na kurudi," aliendelea. "Mimi nabeba kichwani. Kibali kitoke kijijini, kwa mtendaji anayenijua."

Katibu Mkuu wa Zambia alicheka, akachukua kalamu, akafuta neno "wilaya" kwenye nakala yake na kuandika "kijiji". Wa kwetu akaliangalia, naye akafuta. Kwa mzigo wa kichwa au wa baiskeli, walikubaliana, kibali cha kijiji kijaribiwe msimu mmoja. Kilidumu zaidi ya msimu mmoja. Nilitoka nje nikalia kwa furaha, Mutale akinipepea kwa andiko.

Baada ya hapo nilihamishwa mara nyingi na kutumikia wakubwa wengi, wengine wema, wengine wa kuvumilia tu. Nilipostaafu niliagwa vizuri, nikapewa mbuzi na saa ya ukutani. Vijana wa ufadhili wakinitembelea na kuniamkia shikamoo, huniuliza urafiki wa nchi mbili hujengwaje. Mikataba wameisoma kunishinda, basi huwasimulia jioni ile ya warsha, nilipomsindikiza Mama Desderia stendi na kumuuliza kwa nini kwangu alisema ndiyo tupu, halafu wakubwa wale akawakatalia.

"Ile mara ya kwanza ulikuja mgeni," alinijibu, akijifunga kanga vizuri. "Leo nilikuwa nimekuja na watu wangu. Ningeogopa nini?"