Unga wa Ujana wa Mnadani

Siku za Mwingereza, mnada wa ng'ombe upande wetu wa Kiomboi ulizungushiwa uzio wa miti, na hakuna mnyama aliyepita langoni kabla bwana mifugo hajamfunua mdomo na kumtazama macho. Mwenye homa alirudishwa. Tulinung'unika, maana mtu aliswaga fahali wake tangu alfajiri, kisha akarudi naye jioni. Lakini moyoni tuliuamini uzio ule. Tulizoea kusema kilichomo ndani kimekaguliwa.

Mwuza unga mmoja aliyekuja mnadani alilijua hilo. Hakutandika jamvi lake nje pamoja na wauza vyungu na tumbaku. Alitandika ndani, karibu na bwana mifugo hata kivuli cha turubai la serikali kikamfikia. Makopo yake yalikuwa na unga mweupe. Alisema si dawa, ni chakula tu: kijiko kimoja katika uji wa asubuhi, na uzee utarudi nyuma. Kisha alitaja maneno ya zaburi, yale ya ujana kurejezwa kama wa tai. Nilikuwa mwalimu wa dini, na zaburi ile niliifundisha kwa machozi ya shukrani. Mpaka leo damu yangu huchemka nikikumbuka kinywa kilichoifanya tarumbeta ya biashara.

Mama yangu alinunua kopo. Alikuwa mjane, magoti yamechoka, lakini bado alilima uwele wake mwenyewe na kuupika katika chungu chake mwenyewe. Mke wangu alimpenda, wala hakuwahi kumnyima kitu. Hata hivyo mama aliogopa siku atakayoliweka jembe chini na kula cha kupakuliwa na wengine. Hakutaka urembo, alitaka misimu michache zaidi ya kulima.

Nilipomkataza, alinitazama kama mtoto asiyejua mambo.

"Kimeuzwa ndani ya uzio, mwanangu. Bwana mifugo alikuwa pale pale."

Mwanzoni unga ulionekana kweli unafanya kazi. Mashavu yalijaa, makunyanzi yakapotea. Wanawake kisimani wakamtania, wakamwuliza kama wamtafutie mchumba.

"Nitafutieni jembe jipya," akawajibu. "Mchumba nilishamzika."

Kicheko chao kilifika mpaka nyumbani. Wawili kati yao walinunua makopo yao mnada uliofuata.

Kisha nyayo za mama zikaanza kuwaka, kama mtu aliyekanyaga majivu ya moto. Viganja vikawa vigumu kama gome la mti, na mpini wa jembe ukawa unamponyoka. Alirudi kwa mwuza unga kumweleza. Yule mtu akamwambia maumivu hayo ni uzee unaotoka, aongeze kijiko cha pili. Naye akaongeza.

Tulimbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Msaidizi wa daktari alimsalimu shikamoo, kisha akambonyeza shavu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki pale pale.

"Huu si ujana, mama," alisema. "Huu ni uvimbe."

Akanieleza nje kwamba ni sumu, na kwa dalili zake inafanana na ile inayotiwa joshoni kuua kupe. Nilisimama nikiwaza josho letu. Lilikuwa na mlinzi wa kuangalia ndama asije akanywa maji yake.

Niliwaonya wale wanawake wawili, nao wakamwaga unga wao. Siku ya mnada nikaenda na kopo la mama. Mwuza unga aliendelea kupanga makopo yake.

"Mwalimu, nani amesikia nikisema ni dawa? Mimi nauza unga."

Nikamgeukia bwana mifugo. Aliinamisha macho, akanijibu kwa upole kwamba yeye ni wa ng'ombe, hana ruhusa ya kufungua kopo la mtu. Nikaenda bomani. Karani aliniingiza kwa bwana shauri, Mwingereza wa wilaya, akanitafsiria maneno yake: mtu yule ana leseni ya uchuuzi, angeuza dawa angeulizwa, lakini chakula hakiulizwi. Basi sheria yao ilimjua kila ndama wa Iramba yetu, lakini kikongwe aliyekunywa uji wenye sumu haikumjua.

Tangu hapo kila mnada nilisimama langoni. Kila mzee aliyeingia nilimsalimu na kumwambia kwamba humo ndani kilichokaguliwa ni ng'ombe peke yake. Bwana mifugo aliniona, wala hakunifukuza. Baada ya muda jamvi lile likatoweka. Tulisikia linatandikwa upande wa Manyoni, karibu na reli, ambako hakuna aliyemjua mama yangu.

Mungu alimwacha hai. Mashavu yakashuka, makunyanzi yakarudi, nami nikashukuru kwa kila moja. Lakini miguu haikurudi, na vidole havikushika mpini tena. Mke wangu akaanza kumpikia uwele wetu katika chungu chake kile kile, akikiweka jikoni kando ya chungu chetu ili asijione mgeni. Jioni ya kwanza mama alipokea bakuli, akasali, akaonja.

"Chungu changu," alisema, "uwele wenu."

Akala. Sala yake mimi sikuweza kuiitikia amina.