Mzee Niliyemuua kwa Kompyuta, Kisha Nikaenda Kumlilia

Niitoe aibu yote mapema mcheke mmalize: nililia msibani Ndandalo mpaka kamasi zikafika kidevuni, nikagaragara kwenye majani ya migomba, wanaume wawili wakanishika nisijiumize, halafu baada ya dakika tano nikagundua marehemu yuko hai na aliyemuua ni mimi, kwa vidole hivi hivi.

Mimi niliishia kidato cha pili (mimi na hesabu tulikubaliana tusisumbuane), kompyuta nimejifunzia kwenye video, na Dada Tumpe mwenye duka la kompyuta Kyela mjini akanikabidhi seva yake baada ya baba yake mdogo, Mzee Ambakisye, kumwambia anijaribu. Tunatengeneza kurasa za mtandaoni za shughuli za watu: harusi, shukrani, misiba. Mbele ya kurasa zote kuna programu inaitwa prokzi, ichukulie kama mlinzi wa getini, mgeni akibonyeza linki mlinzi ndiye anajua ampeleke mlango upi. Zamani maelekezo yake yalikuwa kwenye faili moja, unaandika humo, unakosea, unafuta, unaandika hata upuuzi, hakibadiliki kitu mpaka uizime prokzi na kuiwasha upya. Nilishazoea hivyo, nachafua faili asubuhi nzima kisha nasafisha kabla sijawasha.

Sasa wiki ile nikajifanya mtaalamu, nikayahamishia maelekezo kwenye kistoo cha funguo, ambamo kila linki ina jina lake na mbele ya jina namba ya mlango wake, na prokzi inachungulia humo yenyewe. Nikaunganisha, nikataka kujaribu kama imeshika. Ukurasa uliokuwa mbele ya macho yangu ni wa huyo huyo Mzee Ambakisye, ambaye aliugua miezi mingi mpaka watu wakakata tamaa, akainuka, na Jumamosi familia ilikuwa na ibada ya shukrani, linki ya mwaliko imeshasambaa kwenye magrupu yote mpaka kwa ndugu wa Malawi. Na Dada Tumpe alishanionya: "Lusajo, hii ya baba ukiiharibu, unarudi kwenye bodaboda siku hiyo hiyo."

Nikatoa namba ya mlango wa shukrani, nikaweka ya mlango wa misiba. Najaribu tu! Nikafungua simu yangu, naona ukurasa ule ule, mzee na suti yake anacheka, nikajua haijashika (simu ilikuwa inanionyesha nakala ya zamani iliyojitunzia, getini haikufika kabisa). Nikasema nitairudisha baadaye, maana sijaiwasha upya, nani ataona? Nikaenda kula wali na usipa.

Wenzangu, kistoo hakisubiri kuwashwa! Ukiandika tu, prokzi imeshasoma. Na ukurasa wa misiba unachukua jina na picha ya mhusika unajaza wenyewe: "Familia inasikitika kutangaza kifo cha..."

Nikiwa na tonge mkononi, Ipyana, rafiki yangu wa bodaboda, akafunga breki mlangoni. "Gwe Lusajo, unakula? Mzee Ambakisye hatunaye!"

Tonge likadondoka. Kwetu msiba hauulizwi mara mbili, unaenda, maswali utayauliza huko huko. Njia nzima akina mama wamejifunga kanga kiunoni, mikungu ya ndizi kichwani, watu wameacha majembe shambani. Mke wa mzee alikuwa amemuaga asubuhi akienda kwenye shamba lake la kakao, kwa hiyo watu walipoingia wanalia, naye akaamini ameangukia huko, vijana wakatumwa wakauchukue mwili. Dada Tumpe yuko chini kwenye mkeka, sauti imekauka. Nami nikajitupa: "Tata, baba yangu, umeniacha na nani!"

Niliposhikwa nikatulia, nikamuuliza bibi mmoja kando yangu, "Amefariki saa ngapi?" Akanipa simu yake. "Soma mwenyewe, mwanangu."

Nikasoma. Maneno nayajua, nimeyaandika mimi. Picha ya suti, nimeiweka mimi. Jamani, machozi yalirudi ndani! Kabla sijamrudishia bibi simu yake, mzee huyo anatokea kwenye migomba, panga mkononi, nyuma yake wale vijana waliotumwa wanamfuata kwa mbali hawataki kumgusa. Akina mama walipiga yowe, mmoja akaruka uzio na mkungu wake.

"Kuna nini? Nani amekufa?" mzee akauliza.

Kila mtu anaangalia chini. Mwishowe yule bibi akajikaza: "Ni wewe, tata."

Nikasimama. "Mzee, ni mimi. Nilibadilisha namba ya mlango."

"Mlango upi?"

Jaribu wewe kueleza prokzi mbele ya waombolezaji! Dada Tumpe alinyanyuka taratibu, akakaza kanga. "Lusajo, leo nakuzika wewe, na tangazo naandika mwenyewe."

Mzee akamzuia kwa mkono. Akakaa kwenye kigoda, akautazama ule uwanja uliojaa, mchele, kuni, mikeka, akatazama muda mrefu mpaka nikatamani anipige yaishe. Akasema, "Mwache, Tumpe, aendelee na kazi yake. Miezi yote nimelala humo ndani, ukitoa wa nyumba hii walikuja watu wanne. Kumbe njia mnaijua."

Nikaingia kwenye seva kwa simu, nikarudisha namba, mzee akaagiza simu ya bibi ifunguliwe upya aone mwenyewe kama amefufuka. Alipojiona anacheka na suti akashukuru, "Ndaga," akaenda kunawa mikono.

Nimeapa, kujaribu tena najaribia jina langu, nikifa nife mimi.

Tukarudi mjini. Ipyana, ambaye hata mvua haimnyamazishi, aliendesha kimya kimya, tulipoingia lami akapunguza mwendo, akasema bila kugeuka:

"Gwe, mimi sikuwa kwenye wale wanne. Wewe ulikuwemo?"