Panga la Jerotich

Askari wa msitu ulio juu ya Eldoret hukohoa kabla ya kutokea, kama anayebisha hodi. Hutembea akigusa miti, na vidole vyake vimegandwa na utomvu. Mbega wakiruka juu, huvua kofia akawatazama mpaka wapotee. Mizigo ya wanawake huipindua kwa kiatu akitafuta panga, maana ruhusa ni ya kuokota kuni kavu tu. Jerotich, aliyefukuzwa shambani na shemeji zake mumewe alipofariki, anaishi kwa kuuza kuni, na panga lake hulificha katikati ya mzigo.

Leo yeye na askari, waliokutana njiani, walimkuta swala pongo amenaswa shingoni kwa waya. Askari alipiga magoti, akamfunika macho kwa koti. "Pole, mama. Tulia, pole," alimnong'oneza pongo, kwa sauti ambayo Jerotich hakuwahi kuisikia. Vidole vilishindwa kufungua waya, na mnyama akaanza kukoroma. Jerotich akafungua mzigo, akampa panga. Waya ukakatika, pongo akatimka. Askari akalipangusa panga taratibu, akalitia kwapani.

"Panga ni marufuku, Mama."

"Hata leo, Afande?"

"Hata leo."

"Na yule pongo umemwambia pole."

Askari akakohoa, akaenda zake, akigusa miti.