Gambuti za Mama Mkwe Katika Njia ya Rungwa

Nilitoka Singida mjini kwenda upande wa Rungwa kwa sababu ya mgonjwa. Mzee Luhende, mjomba wa mke wangu, alikuwa amelala kitandani, hawezi tena kwenda kwenye mizinga yake ya nyuki. Dada yake mmoja tu aliyebaki duniani ni mama mkwe wangu, anayekaa Itigi, naye alituma neno kwamba atakwenda kumwona kaka yake angali anaweza kumtambua. Mvua zilikuwa zimekolea na barabara ilikuwa inakatika hapa na pale. Mke wangu, Rehema, alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho. Shemeji zangu wa kiume wako mbali. Nikabaki mimi.

"Baba Shani," Rehema aliniambia, "mama ana sukari, unajua. Miguu yake haisikii. Anaweza kukanyaga kaa la moto asijue mpaka apate harufu. Nakuomba umwangalie miguu."

"Nimwangalie miguu mama mkwe?"

"Utajua mwenyewe utakavyofanya."

Katika ukoo wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, na wakipishana mlangoni mmoja hugeuza uso. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemsalimia mama yule nikitazama chini, na hata hapo chini nilikuwa natazama pembeni ya miguu yake. Sasa naambiwa niichunge.

Kabla ya kuondoka nilikwenda sokoni kutafuta gambuti, zangu na zake. Kipimo chake nilikuwa nacho: kandambili aliyoiacha kwetu alipokuja mara ya mwisho. Muuza viatu, Bi Hadija, aliigeuza mkononi akacheka.

"Kandambili inasema urefu, haisemi unene. Mwenye mguu yuko wapi?"

"Itigi. Ni mama mkwe."

"Basi pole," alisema, akaacha kucheka. Akaniwekea jozi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa inang'aa kama imepakwa mafuta. Aliikunja kwa mikono miwili, na palipokunjika pakabaki mstari mweupe. "Hii ni ya kumwagilia bustani. Kwa safari itapasuka hapo hapo kwenye mkunjo, na kabla haijapasuka itakuwa imemchuna." Ya pili ilikuwa mpira mzito, mweusi usiong'aa, ndani ina kitambaa, soli nene yenye meno. Aliikunja, ikarudi ilivyokuwa. "Avae na soksi nzito, na nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja. Vikiingia viwili, tope litamvua. Na ajaribu jioni, maana mguu wa jioni umevimba, si ule wa asubuhi."

Swali gumu lilikuwa la shingo. Zilikuwepo ndefu za kufika gotini na fupi za kuishia katikati ya shavu la mguu. Mama mkwe ni mfupi, na ndefu zingemsugua nyuma ya goti njia nzima. Fupi zingeingiza maji mahali penye kina. Nilisimama pale nikibadilisha mkono wa kulia na wa kushoto kama mtu anayepima nyama, mwisho nikachukua fupi.

Itigi nilifika jioni. Mama mkwe anakaa karibu na reli, na treni ya mizigo ilikuwa inapita nilipobisha hodi, ikabidi nibishe tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Watoto hawajambo?"

Gambuti nilimpa shemeji yangu mdogo, binti anayekaa na mama, azipeleke ndani. Nikangoja nje ya pazia nikisikia hatua zikizunguka chumbani.

"Zimekaa," mama alisema kutoka ndani.

"Hazibani popote, mama?"

"Nitajuaje, baba? Zimekaa."

Asubuhi tulipanda basi la Rungwa. Alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma kabisa. Pande zote mbili za barabara vichaka vya Itigi vilikuwa vimefungamana, huwezi kuona umbali wa kutupa jiwe. Mvua ilikuwa inanyesha na kuacha. Mara mbili abiria tulishuka kusukuma. Baada ya adhuhuri tulifika kwenye korongo lililojaa maji mekundu, na katikati yake lori la mbao limelala upande. Dereva wetu alishuka, akatazama, akarudi akitikisa kichwa.

"Jamani, hapa hatuvuki. Nageuza."

Abiria walianza kubishana naye. Katika ule ubishi nilimwona mama mkwe ameshika mfuko wake, ameteremka, na anatembea kuelekea kwenye maji. Nikakimbia.

"Mama, basi linarudi Itigi."

"Liende salama," alisema bila kugeuka. "Kutoka hapa kwa kaka yangu tutafika jua halijazama. Njia hii nimeitembea wewe hujazaliwa."

Vijana wawili waliokuwa wanavuka walituonyesha mahali pa kupita, wakatuonya kwamba ng'ambo tembo wametoka porini tangu juzi, tusiketi njiani. Nilikata fimbo. Nikashika ncha moja, mama mkwe akashika nyingine, tukaingia hivyo, mimi mbele na yeye nyuma, bila mkono kugusa mkono. Katikati maji yalipanda, nikasikia yanamwagika ndani ya gambuti zangu, baridi, na nikajua zake zimejaa zaidi.

Ng'ambo alikaa juu ya gogo. Nikampa mgongo na kutazama vichaka. Nilisikia maji yakimwagwa, soksi zikikamuliwa, mpira ukivutwa tena juu ya mguu. Maneno ya Rehema yalikuwa kooni. Nilitaka kumwambia aingize mkono ndani mpaka kwenye vidole, ahakikishe hakuna mchanga wala jiwe. Lakini kumtajia mama mkwe vidole vya miguu yake ulimi ulikataa.

"Umezikung'uta vizuri, mama?"

"Nimezikung'uta. Twende."

Tulikwenda pamoja na wale vijana wawili. Njia iliacha barabara ikaingia kichakani, nyembamba, na tope lake linashika. Hapo niliona maana ya kidole kimoja nyuma ya kisigino: kijana mmoja katika wale wawili gambuti yake ilibaki topeni, akasimama mguu mmoja kama ndege korongo huku mwenzake akiing'oa. Za mama mkwe hazikumtoka mguuni hata mara moja. Nikajipongeza moyoni. Baadaye wale vijana walikata kulia kwenda kwao, tukabaki wawili.

Nilikuwa natangulia, nikaona heri nimwachie atangulie, nipate kusoma nyayo zake. Mtu haangaliwi miguu, lakini alama alizoacha ardhini ni za kila mpita njia. Mwanzoni zililingana, meno ya soli yamechorwa sawasawa kulia na kushoto. Baada ya muda ya kushoto ilianza kugeuka nje. Kisha upande wa dole gumba haukugusa chini kabisa.

"Mama, mguu wa kushoto unakuuma?"

"Hauniumi."

Jibu hilo lilinitisha kuliko kama angelia, kwa maana mguu ule usingeuma hata ungekatwa. Mwili ulikuwa unaukwepa, na mwenyewe hana habari.

"Tupumzike kidogo, mama. Uvue, uangalie."

Alinyoosha fimbo mbele. Katikati ya njia palikuwa na kinyesi cha tembo, kibichi, kinatoa mvuke, na matawi ya kando yamevunjwa mapya. Tulisimama tukisikiliza. Kichakani kitu kikubwa kilivunja mti, mbali kidogo, halafu kukawa kimya.

"Hapa hatuketi," alisema kwa sauti ndogo.

Tukaongeza mwendo. Yeye mbele na ule mguu unaogeuka, mimi nyuma, sikio kichakani na jicho topeni. Kila alama ya mguu wa kushoto niliyoivuka niliihesabu kuwa deni kwa mke wangu.

Jua lilikuwa limeegemea tulipofika nyumba ya kwanza ya kitongoji. Ni ya mrina asali. Mwenyewe hakuwepo, lakini mkewe, Mama Kulwa, alitupokea kwa shangwe, maana anamfahamu mama mkwe toka usichana. Kwa Mzee Luhende kulibaki kipande kifupi, ng'ambo ya mashamba ya mahindi. Mama mkwe hakutaka hata kuketi.

"Kaka yangu yu hai?"

"Yu hai. Asubuhi amekunywa uji."

"Basi naendelea."

Nikamvuta Mama Kulwa pembeni. "Tafadhali, mwingize ndani umvue gambuti ya kushoto. Ana sukari. Mimi ni mkwe."

Alielewa mara moja. Wakaingia. Nilisimama uani nikitazama kuku. Nikamsikia Mama Kulwa akisema, "Mama yangu wee!" Alitoka ameshika gambuti, akaiinamisha mbele yangu. Yalitoka maji yenye rangi ya damu, na nyuma ya maji likadondoka jiwe dogo, si kubwa kuliko punje ya hindi.

"Limekula nyama chini ya dole gumba," alisema. "Na yeye ananiuliza nimeona nini."

Aliuosha mguu kwa maji ya chumvi, akaufunga kwa kipande cha kanga safi. Mimi nikasogea mpaka mlangoni, nikakaa kizingitini nikitazama nje.

"Mama Kulwa," nilisema, "mwambie mkwe wangu kwamba mguu huu uende zahanati sasa hivi."

"Mama Kulwa," sauti ya mama mkwe ilitoka ndani, "mwambie baba kwamba sikuja huku kuangalia mguu. Nimekuja kuangalia ndugu."

"Mwambie akiukanyagia tena huenda wakaukata."

"Mwambie mimi nina miguu miwili na kaka mmoja."

Mama Kulwa alitupa kitambaa ndani ya beseni, maji yakaruka. "Mimi si simu!" alisema. "Mmetembea wawili porini na tembo, mnashindwa kusemezana chumbani? Semezaneni!" Akatoka nje.

Nilikaa. Kisha nikageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake nikamtazama mama mkwe usoni. Alikuwa amechoka kuliko nilivyodhani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakutaka yadondoke mbele yangu.

"Mama," nilisema, "nisamehe. Huo mguu haukanyagi chini tena leo. Hata ukinilaani, haukanyagi."

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nikilala bila kumwona, asubuhi nikakuta amefunikwa, utanijibu nini?"

Nikautazama mlango, kisha ule mguu uliofungwa.

"Basi nibebe," alisema.

Nilichuchumaa na kumpa mgongo. Alikuwa mwepesi. Mikono yake ilisita mabegani mwangu, kisha ikashika. Mama Kulwa alitangulia akitupasulia njia kwenye mahindi, na watu waliotuona walisimama na majembe yao, wengine wakageuza uso kwa heshima. Tulipokaribia tu, nilisikia pumzi ya mama mkwe imebadilika, nikajua analia.

Mzee Luhende alikuwa kitandani, mifupa mitupu, lakini macho yake yalikuwa na akili zote. Alituona mlangoni tumepandana vile, akaanza kucheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Mdogo wangu," alisema, "umeletwa kwangu kama bibi harusi."

"Kimya wewe," mama mkwe alijibu. Nikamteremsha kando ya kitanda. Wakaanza kuzungumza kwa lugha yao ya nyumbani, nisiyoijua, huku wameshikana mikono. Nikatoka.

Kesho yake asubuhi yule mrina asali, Baba Kulwa, aliyekuwa amerudi, alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni tukampeleka zahanati. Tabibu alisafisha kidonda, akasema apelekwe haraka Itigi. Tulingoja barabarani, mama mguu juu ya magunia, mpaka maji ya korongo yakapungua, lori likapita. Hospitali walikata dole gumba. Mguu ulibaki. Mzee Luhende alifariki mama angali wodini, na alipoambiwa alisema tu, "Tuliagana."

Wanaoniuliza sasa juu ya gambuti za safari huwaambia aliyonifundisha Bi Hadija: mpira unaokunjika bila kuacha mstari, soli nene, soksi nzito, kidole kimoja kisiginoni. Halafu nawaongezea yangu. Kila mkivuka maji, kila mkipumzika, ingiza mkono ndani mpaka mwisho, upapase. Na kama mvaaji ni mtu ambaye miguu yake haisikii, usimwulize kama inauma. Ivue uangalie, awe nani kwako.

Siku ya kutoka hospitali, nesi alituambia kidonda kitasafishwa nyumbani kila siku, na miguu yote miwili ikaguliwe kila jioni. Akatazama shemeji yangu mdogo, akamtazama mgonjwa.

"Nani atakuwa anamkagua?"

Shemeji yangu akafungua mdomo, lakini mama mkwe alikuwa amekwisha kunyoosha mguu kuelekea upande wangu.

"Mwonyeshe huyu," alisema. "Huyu ndiye anajua kuutazama."

Nikasogeza kiti, nikaupokea mguu mapajani, na nesi akaanza kunielekeza.