Matope ya Bwawa la Ntumba

Kazadi alikuwa jirani yangu, na nasema wazi: usafi wake ulinichosha. Miaka yote aliyoendesha tingatinga kwenye mgodi wa Kolwezi alijifunza jambo moja, kwamba shimo likichimbwa hukwanguliwa hadi chini kabisa, jiwe lenye shaba haliachwi. Alipostaafu, pesa za Zaïre zikiwa hazinunui kitu tena, akajikuta anakula bukari, ugali wa mkewe Ntumba, kwa samaki wa mkewe Ntumba. Hilo lilimuuma sana.

Ntumba alikuwa na bwawa la tilapia kando ya kijito, baya kwa macho, limejaa matope meusi ya miaka mingi. Kazadi akachimba lake pembeni. Kila msimu alilikausha, akakwangua chini, akamwaga chokaa mpaka pakawa peupe. Sisi tuliokuwa tukinywa munkoyo, togwa ya mahindi, karibu tulimtania: "Tata, utalalisha bageni mule?" Hakucheka. Alitaka siku moja tu aweke mezani samaki aliowafuga mwenyewe, wajukuu wale, wajue nani kawalisha.

Badala yake samaki wake wakatokwa na vidonda, wakaanza kufa. Wa Ntumba walikuwa wazima.

Citoyen Mbayo, bwana kilimo, akaja akatazama mabwawa yote mawili.

"Tata, njo usafi yako inabaua samaki," akamwambia Kazadi. "Mu potopoto, matope ya mama, muko bijidudu bidogo bya muzuri. Binatoa dawa yabyo, inaua microbe ya bidonda. Bataalamu banabitafuta mpaka mu bahari. Lomba mama akupe seau moja tu, umwange mu etang yako."

Kuomba! Hapo ndipo alipokwama. Jumamosi Ntumba alipokwenda kwenye kwaya, Kazadi akashuka na koleo na toroli. Nilimwona toka shambani kwangu, anapiga mluzi, nikadhani mkewe amemtuma. Ndoo moja kwake ilikuwa mchezo wa watoto. Akapunguza maji, akachota na kuchota, akimwaga kwenye bwawa lake, hadi bwawa la mkewe likabaki udongo mwekundu mtupu.

Samaki wake waliosalia walikufa ndani ya tope hilo zito kwa kukosa hewa. Baada ya majuma machache, wa Ntumba nao wakatokwa na vidonda. Nilimkuta Ntumba amepiga magoti ukingoni, samaki mmoja mkononi mwake, tumbo limeoza, Kazadi kasimama nyuma yake.

"Ungelomba tu, tata," alimwambia mumewe, bila kupaza sauti. "Mi ningekupa."

Nilikwenda kwao jioni kuwapa pole. Ntumba alikuwa amepika samaki wa mwisho aliye mzima, akamwekea Kazadi peke yake. Yeye na wajukuu walikuwa na sombe tu, majani ya muhogo. Kazadi aliitazama sahani ile mpaka bukari ikapoa. Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaomba.

"Mama, mi nakulomba. Kuya tukule pamoja."

Ntumba akasema ameshiba.